Kumuaga Mama Darshana wa Section 58

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyekubali kukaa kwenye kiti cha plastiki kama sisi wengine. Mwenyekiti wa chama cha wenye hoteli. Wazee wetu wa hekaluni na wa gurdwara ya Masikh. Wahadhiri wenzangu na wanafunzi mliotoka Njoro. Ndugu waongozaji wa watalii, madereva, wapishi, wanamashua wa Naivasha, na akina mama mliotoka Loboi asubuhi na mapema ili mfike hapa. Na wewe, Mama Darshana, ambaye kwa haki ningekutaja kabla ya hawa wote, ila itifaki ilinikataza: nawasalimu kwa heshima na kwa moyo mzito.

Nimeombwa niseme machache kuhusu Mama Darshana, ambaye wiki ijayo anatuacha na kwenda Leicester kuishi na binti yake, Falguni. Walionipa kazi hii walinishauri nitaje namna alivyoiendesha nyumba hii ya wageni hapa mtaani Section 58 tangu mumewe, Mzee Dhirajlal, alipofariki, na tuzo alizopewa, na usafi wa jikoni. Hayo mnayajua. Mmekula hapa, mmelala hapa, wengine wenu mlioana hapa. Mimi naomba ruhusa niwasimulie jambo moja tu, lililotokea ndani ya chumba hikihiki cha kulia, kati ya mwaka jana na mwaka huu, kwa sababu naogopa kwamba akishaondoka hakuna atakayelisimulia, na likikosa msimulizi tutafikiri halikutokea.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Nanyama, binti wa marehemu Wasike aliyekuwa fundi wa reli. Nimezaliwa kwenye nyumba za reli hapahapa mjini Nakuru, na sasa nafundisha chuoni Njoro. Mwanzoni mwa mwaka jana nilianza utafiti juu ya utalii wa Bonde la Ufa. Wenzangu walikuwa wakihesabu vitanda na magari ya watalii. Mimi nilitaka kujua kitu ambacho hakihesabiki kwa urahisi: maarifa yanatembea vipi? Mtu wa Nakuru akibuni jambo jipya la kuwavutia wageni, mtu wa Naivasha analisikia kutoka kwa nani? Na yule wa Bogoria? Kwa hiyo nilizunguka nikiuliza swali moja kila mahali, hotelini, kwenye vibanda vya vinyago, ziwani: ukitaka kujaribu kitu ambacho hujawahi kukijaribu, unamuuliza nani?

Majibu yalinisikitisha. Watu walikuwa wanauliza ndugu zao. Walikuwa wanauliza watu wa kanisa lao, wa lugha yao, wa mtaa wao. Na wengi walinijibu kwamba hawamuulizi mtu yeyote, maana ukiuliza unaibiwa wazo.

Nitatoa mfano wa flamingo. Mnajua kwamba ndege hawa hawana ziwa moja. Leo wamejaa hapa Nakuru mpaka ufuo umekuwa wa waridi, kesho chakula kikipungua wanainuka na kwenda Bogoria. Basi mgeni anatoka mbali, anafika hapa, anakuta ndege wachache wanazungukazunguka kwenye tope. Sisi tulimwambia nini? Tulimwambia asubiri kidogo, watakuja. Tulijua hawaji. Na upande wa pili, wakati ndege wamerudi Nakuru, waongozaji wa Bogoria nao walikuwa wanawaambia wageni wao vilevile. Watu wa maziwa mawili, ambao gari linatoka kwa hawa na kufika kwa wale kabla chai ya chupa haijapoa, walikuwa wanawadanganya wageni kwa sababu hawakuwa na mazoea ya kuongea.

Nilimsimulia Mama Darshana habari hii siku moja nilipokuja kumuuliza maswali yangu. Alinisikiliza akipanga vijiko. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuwakalisha watu hawa mahali pamoja. Nikamweleza kwamba mtafiti hapaswi kuingilia. Kazi yake ni kutazama na kuandika. Akacheka kidogo, akasema chumba chake cha kulia huwa kitupu Jumatano mchana, na kwamba yeye si mtafiti.

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, viti hivi mlivyokalia vilipangwa duara, chai ya masala ikawekwa kwenye birika kubwa, na wakaja waliokuja.

Siku ya kwanza ilikuwa vita. Alikuwepo Kinyanjui, ambaye wengi wenu mlimjua, aliyekuwa akiwatembeza wageni kwenye ukingo wa kreta ya Menengai na kando ya ziwa letu. Mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye angeweza kumsimamisha mgeni kwa nusu saa amtazame ndege mmoja mdogo wa kahawia asiye na rangi yoyote ya kujivunia. Na alikuwepo Mama Chepkemei wa Loboi, ambaye yuko nasi leo, anayewapokea wageni nyumbani kwake na kuwachemshia mayai kwenye maji moto yanayotoka ardhini kule Bogoria. Kinyanjui alimwambia mbele ya watu kwamba wao wa Bogoria wanawapeleka wageni kwenye maji yanayounguza bila hata kuwaonya. Mama Chepkemei akamjibu kwamba wao wa Nakuru wanawauzia wageni tope. Nilitaka kuufunga mkutano. Mama Darshana akaja na sahani ya bhajia, akaiweka katikati ya hao wawili, akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba zinaliwa zikiwa moto.

Wakala. Na mwezi uliofuata wakarudi, wote wawili.

Sitawachosha na habari za kila mkutano. Itoshe kusema kwamba kufikia Agosti, Mama Chepkemei alikuwa akipiga simu hapa asubuhi na kusema, ndege wamefika huku, msiwaweke wageni. Na Kinyanjui, badala ya kumwambia mgeni asubiri, alikuwa akimweleza ukweli, anampandisha Menengai asubuhi, kisha anampakia na kumpeleka Loboi kwa mkono wake mwenyewe, akale mayai ya maji moto na alale kwa Mama Chepkemei. Okeyo, mwanamashua wa Kihoto kule Naivasha, akasikia na kuomba kuingia, na safari ikarefuka hadi kwenye viboko wake. Hakuna kampuni kubwa iliyobuni safari ile. Hakuna ofisi. Ilibuniwa hapa, na watu ambao miezi michache nyuma walikuwa hawaaminiani.

Na niwaambieni, wawili wale wakawa marafiki kwelikweli. Kinyanjui alimfundisha Mama Chepkemei majina ya ndege kwa Kiingereza. Yeye akamfundisha namna ya kumkaribisha mgeni nyumbani, wakati wa kumwongelesha na wakati wa kumwacha anyamaze. Watoto wa Kinyanjui walipofunga shule, walikwenda Loboi wakakaa wiki nzima wakala asali mpaka wakaugua. Mkutano wa Desemba tulicheka sana. Nakumbuka nilikaa pale, karibu na dirisha lile, nikawaza: hili nililokuwa nikilitafuta kwenye vitabu, kumbe lina harufu ya tangawizi.

Ndugu zangu, mnajua kilichofuata. Sote tulikuwepo.

Januari, ile iliyofuata uchaguzi, sitaieleza. Kila mmoja wetu hapa ana Januari yake, na sina haki ya kuiweka yangu juu ya yako. Nitasema tu kwamba nyumba ya Kinyanjui ilichomwa. Nani aliichoma sijui, na yeye hajui. Alitoka na mke wake na watoto na nguo walizovaa, wakakaa uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine, kisha akaenda Ol Kalou kwa baba yake mdogo. Okeyo alikimbia Kihoto na familia yake wakaenda kwao Nyanza. Mama Chepkemei alibaki Loboi, lakini barabara ilikuwa haipitiki, na hata ilipofunguliwa hakuja. Watalii, hao hawakuja kabisa. Hoteli zikawapeleka wafanyakazi nyumbani. Ziwa likajaa flamingo mwaka huu kama halijawahi kujaa, na hapakuwa na mtu wa kuwatazama.

Wafadhili wa utafiti wangu walinipigia simu kwa upole. Walisema wanaelewa hali, wananipa pole, lakini watu niliokuwa nikiwafuatilia wametawanyika, kwa hiyo hakuna tena cha kutafiti. Nifunge. Niliwakubalia. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Nilikuja hapa Jumatano ya kwanza ya Machi kumweleza Mama Darshana kwamba tumemaliza. Nikakuta viti vimepangwa duara. Birika liko mezani. Hakuna mtu. Alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti chake kilekile, na shali yake mabegani, kama mtu anayengoja wageni waliochelewa. Mpishi alininong'oneza kwamba Februari pia alifanya hivyo.

Nilikaa. Nikamwambia walichosema wafadhili, kwamba utafiti wa watu wanaojifunza kutoka kwa wenzao hauwezi kuendelea kama watu wenyewe hawapo.

Akaninywesha chai kwanza. Kisha akasema, na maneno haya nayarudia kama alivyoyasema: "Nanyama, mwaka jana uliwauliza wanamuuliza nani. Sasa enda uwaulize wanamkosa nani."

Je, hilo ni swali la kisayansi? Wahadhiri wenzangu hapa wananitazama, na najua mnachofikiri. Mimi pia nilifikiri hivyo njiani nikirudi Njoro. Lakini nilipofika nyumbani nikagundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na jibu lake. Na mtu akiwa na jibu, swali lipo.

Nikachukua likizo, nikaanza upya kuzunguka. Bila wafadhili, bila msaidizi, na gari langu ambalo mnalijua lilivyo. Nikawauliza waliobaki na nikawatafuta waliokwenda. Unamkosa nani? Mwenye kibanda cha vinyago alimtaja mchongaji aliyehama, ambaye zamani alikuwa akimlalamikia kila siku. Mpishi wa hoteli moja alimtaja muuza mboga. Okeyo, kwa simu kutoka kwao, alimtaja jirani yake wa Kihoto, kisha akasema laini ni mbaya. Ile ramani niliyochora mwaka jana ya nani anamuuliza nani, niliiona ikijichora tena, mstari kwa mstari, ila safari hii mistari ilikuwa inavuka palepale ambapo watu walikuwa wamekatana.

Aprili nilifika Loboi. Mama Chepkemei alikuwa anafunika mizinga ya nyuki. Aliponiona aliacha kazi, akanipeleka chini ya kivuli cha nyumba, akanipa maziwa. Nilipomaliza kikombe nikamuuliza swali langu. Akamtaja Kinyanjui.

Nikamuuliza kama wameongea tangu yale mambo. Akatikisa kichwa. "Namba yake niko nayo," akasema. "Kila nikishika simu najiuliza, nitamwambia nini? Wale wanaosemwa walichoma, wanaongea lugha yangu. Akisikia sauti yangu atasikia nini?"

Wenzangu, mtafiti huahidi siri. Ulichoniambia wewe simpelekei mwingine. Nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo na nitaendelea kuwafundisha. Kwa hiyo nilimuuliza kama ananiruhusu nimwambie Kinyanjui maneno yale. Alitazama upande wa ziwa. Ndege walikuwa wachache siku hiyo. Wengi walikuwa hapa kwetu. Mwisho akaniambia nimwambie.

Ol Kalou kulikuwa na baridi na ukungu. Nilimkuta Kinyanjui akichimba viazi katika shamba la baba yake mdogo. Alikuwa amekonda. Darubini yake, ile aliyoivaa shingoni miaka yote, iliungua na nyumba. Tuliketi kwenye magogo, mke wake akatuletea uji. Nilimuuliza swali langu, akakataa kulijibu. Akasema yeye hamkosi mtu, ana viazi. Basi nikamwambia jina lake limetajwa Loboi, na nikampa maneno yale kama nilivyopewa, sikuongeza wala kupunguza.

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Aliponyanyua uso aliongea taratibu sana. Alisema watu wengi walimpigia simu akiwa pale uwanja wa maonyesho, hata wageni kutoka Uholanzi waliowahi kulala Loboi. Kila simu ikilia alikuwa anatazama kama ni Mama Chepkemei. Hakuwa yeye. Mwishowe akajiambia kwamba basi hata Mama Chepkemei ameona waliyotendewa ni sawa.

Fikirini jambo hilo. Mmoja amenyamaza kwa aibu isiyo yake, na mwingine ameusoma ukimya ule kama hukumu. Ni wangapi humu ndani, mwaka huu, tumekaa hivyo? Ni namba ngapi ziko kwenye simu zetu ambazo tumeogopa kuzipiga?

Nilimwambia kwamba Mama Darshana bado anapanga viti. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja.

Jumatano ya kwanza ya Julai, tulikuwa watu wachache tu tumekaa duara. Mama Chepkemei alikuja kwa mara ya kwanza tangu Desemba, amebeba asali, akaketi. Chai ilikuwa imeshamiminwa mlango ulipofunguliwa, na Kinyanjui akaingia akiwa amevaa koti la mtu mwingine. Hakuna aliyesimama. Mama Darshana peke yake aliinuka, akavuta kiti, na alikivuta kwa makusudi mpaka kando ya Mama Chepkemei, kisha akarudi kukaa.

Ni Mama Chepkemei aliyeanza. "Nilinyamaza," akasema. "Sikukutakia mabaya hata siku moja. Nilinyamaza tu."

Kinyanjui alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Ungepiga," akasema, "ningepokea."

Basi. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama Chepkemei alijifunika uso kwa leso, na Kinyanjui akaendelea kukaa palepale kando yake, na sisi wengine tukatazama vikombe vyetu. Baadaye Kinyanjui akamuuliza, kwa ile sauti yake ya chini, kama wale korongo weusi wa Bogoria walizaa mwaka huu. Akamwambia walizaa. Wakaendelea kuongea habari za ndege mpaka chai ikaisha.

Ningependa kuwaambia kwamba Kinyanjui alirudi Nakuru. Wengi wenu mmeniuliza leo mlangoni kama atakuja. Hatakuja. Siku ile, baada ya mkutano, nilijitolea kumpeleka akaone ploti yake. Akaniomba nimpeleke stendi. Aliniambia hawezi kuishi tena mahali ambapo anaangalia mlango wa kila jirani. Sikumbishia. Sisi tunaotaka arudi, tunamtaka kwa ajili yetu. Menengai ina waongozaji wengine sasa, vijana wazuri, na mimi nikiwasikiliza wakieleza ukingo ule bado nasikia mahali ambapo yeye angenyamaza.

Mheshimiwa, uliniambia kabla hatujaketi kwamba serikali inataka watalii warudi, na kwamba utasoma ripoti yangu. Nakushukuru. Ripoti utaiona ni ndefu, kwa hiyo naomba niseme kilicho ndani yake kwa maneno mepesi. Tukijenga malango mapya na kupaka hoteli rangi, tutapata majengo. Wazo jipya huzaliwa pale mtu anapomuuliza mwenzake asiye wa nyumba yake bila kuogopa. Barabara ile ya kwenda Loboi ilikuwepo miaka yote, na haikuwasaidia wale wawili kuongea. Kilichowasaidia ni mama mmoja aliyekuwa na chumba na birika, na ambaye hakukubali kwamba wasipokuja mara moja au mara mbili basi hawaji tena. Ukipanga bajeti ya utalii, uliza kama kuna mahali pa mtu kama huyo. Nafasi hiyo haina cheo, na ndiyo sababu tunaisahau.

Mama Darshana, nakugeukia wewe sasa.

Nilikuuliza juzi kwa nini ulikuwa unapanga viti wakati wa miezi ile, na hukunijibu vizuri, ulisema mazoea. Falguni ameniambia kwa simu kwamba yeye alikuwa akikusihi uondoke tangu Januari, tiketi ikiwa tayari, na wewe ulikuwa ukimwambia bado kuna kazi haijaisha. Sasa unakwenda. Mwili umechoka, mjukuu anakungoja, na hakuna mwenye haki ya kukuzuia. Ila tusidanganyane kwamba hatutaumia. Umezaliwa mjini humu, mumeo umemchoma moto kwa desturi yenu kwenye ardhi hii, na utakapokuwa kule utaamka asubuhi uutafute mlima wa Menengai dirishani. Sisi huku tutapita Section 58 tukijua nani hayupo.

Nina habari moja ambayo hujaipata, kwa sababu niliombwa niiseme leo. Jumamosi iliyopita Kinyanjui alimpigia simu Mama Chepkemei. Kule Ol Kalou kuna lile ziwa la Ol Bolossat, lenye ndege wengi ambao hakuna mtu amekuwa akiwaonyesha wageni. Ameanza kuwaonyesha. Amepata wageni wawili kutoka Nairobi, mtu na mke wake, wanaotaka kulala nyumbani kwake, na mke wa Kinyanjui ana wasiwasi hajui wapokewe vipi. Akamuuliza Mama Chepkemei afanye nini. Mama Chepkemei akamwambia mambo hayo hayaelezeki kwa simu, atakuja mwenyewe.

Ataondoka Loboi Ijumaa ya wiki ijayo. Atashuka hapa mjini kubadilisha gari, na kwa kuwa gari la Ol Kalou hukawia kujaa, atakuwa na saa nzima ya kungoja. Aliniambia kwa kawaida angekuja kukaa kwako. Utakuwa umeshaondoka, Mama. Nitamngoja mimi stendi, tutakunywa chai mahali popote patakapokuwa wazi, na tutaiona si tamu.

Kwa niaba ya wote walioketi humu, na wale ambao walipaswa kuketi humu na hawapo, tunakushukuru. Nanyi nyote, kwa uvumilivu wenu na kwa masikio yenu, nasema asanteni sana.